Bulabo ya Bujora: asubuhi Ekaristi, mchana chatu na majembe. Mnaosema ni upagani njooni tuongee

#1 Mtoto wa Kisesa

Wakuu za jioni. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite tu sitamlaumu.

Parokia yetu hapa Dar (siitaji, wanakamati wengine wamo humu) mwaka huu imeamua kufanya tamasha la sanaa na imani. Siku nzima uwanjani, vijana, wazee, WAWATA (wanawake Wakatoliki), watoto, kila mtu alete alichonacho kinachoongelea imani yake, iwe nyimbo, igizo, ngonjera, uchoraji, chochote. Wazo zuri mno, nikajitosa kwenye kamati bila kulazimishwa. Kikao cha kwanza kikaisha saa nne usiku na ratiba ikawa hivi: kwaya, kwaya, onyesho la mavazi, kwaya, mnada wa keki, kwaya ya watoto, na MC wa kulipwa. Nikanyoosha mkono nikasema jamani tuweke na bugobogobo (ngoma ya majembe ya Kisukuma), jumuiya yetu peke yake ina Wasukuma wa kumwaga, halafu kuna yule fundi seremala wa kule bondeni anachonga mpaka unashangaa, naye tumpe meza. Mama mmoja ninayemheshimu sana akaniangalia kama nimemwaga divai ya misa. Akasema, "Mwanangu, ngoma tuliziacha mlangoni siku ya ubatizo."

Mlangoni. Hilo neno limenikaa kooni wiki nzima, maana kwetu ngoma haikuachwa mlangoni, ilikaribishwa ndani ikapewa na kiti.

Mimi ni mzaliwa wa Kisesa. Ukitoka Mwanza mjini unashika njia ya Musoma kama kilomita 20 hivi, unashuka, unachukua boda unapanda kuelekea kwenye mawe, hapo ndo Bujora. Kuna Makumbusho ya Wasukuma na kuna kanisa la duara lililojengwa kwa mtindo wa nyumba ya ntemi (chifu wa Kisukuma), na altare yake ina umbo la kiti cha enzi cha ntemi. Msukuma ambaye hajui hata a e i o u akiingia mle hahitaji kuelezwa nani anakaa pale mbele. Aliyeanzisha ni padre David Clement, Mkanada wa Quebec, shirika la White Fathers, wazee walimpa jina la Fumbuka na mpaka leo ukisema Fumbuka Kisesa watu wazima wanajua unamsema nani. Alifika akakuta watu wanaimba kuliko yeye, akakaa nao, na makatekista na wajuzi wa Kisukuma, wakakusanya nyimbo, methali, vifaa, makumbusho yenyewe ikaja kuanzishwa 1968. Padre alifariki 1986, mimi sijazaliwa.

Sasa Bulabo. Neno lenyewe ni la maua. Ni ile Sherehe ya Mwili na Damu ya Kristo, inayoangukia mwishoni mwa Mei au Juni (2025 ilikuwa Jumapili ya tarehe 22 Juni), na maua ni yale yanayomwagwa njiani Ekaristi inapopita kwenye maandamano. Mimi nilikuwa mmwaga maua. Nilivaa kanzu nyeupe ya kaka yangu imekunjwa mikono mara tatu, kikapu kimejaa maua ya mjohoro na bogenvilia, unatembea kinyumenyume ili usimpe mgongo Bwana, na mawe ya Bujora yalivyo unaweza kufikiria mwenyewe, nilianguka makalio mbele ya padre na monstransi (chombo cha kubebea Ekaristi) na hakuna aliyecheka mpaka tulipofika nyumbani.

Msimu huo mavuno yameshaingia ghalani, watu wana nafasi. Misa ikiisha, watu uwanjani. Kuna makundi mawili ya ngoma yanayoshindana tangu enzi, Wagika upande huu, Wagalu upande ule, wanaanza kupiga WAKATI MMOJA. Kwa asili ya mashindano ya Kisukuma jaji ni miguu ya watu, ngoma ikinoga huku umati unakimbilia huku, wale wakitoa kituko kipya umati unakimbia kule, mwenye watu wengi ndo bingwa. Kwa hiyo kila kundi lina mbinu zake, wapo wenye midoli ya mbao, wapo wa bugobogobo wanazungusha majembe na kuyarusha juu yanadakwa bila mtu kutazama, na wapo bayeye, watu wa nyoka, na chatu mzima mzima shingoni. Nilishawahi kumgusa. Ni baridi, mkavu, na anasukuma mkono wako taratibu kama mtu anayepita kwenye foleni.

Sasa swali langu kwenu: hicho ni kitu cha kuacha mlangoni? Na nimjibuje yule mama bila kumkosea heshima?

#2 Chumvi Kidogo

Nimesoma nikiwa kwenye daladala nimepitiliza kituo viwili. Chatu yuko kwenye ratiba ya hapo parokiani au hayupo? Nijue kama nije na watoto au nije na mama mkwe.

#3 Mlokole Mtulivu

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Mleta uzi umeandika vizuri na sina nia ya kukejeli dhehebu la mtu. Ila umeruka kitu kimoja na umekiruka makusudi. Mimi nimekaa Magu miaka sita kikazi. Hao Wagika na Wagalu watu hawakimbii huku na kule kwa sababu ya uzuri wa ngoma peke yake, kuna DAWA. Kiongozi wa ngoma ana dawa yake ya mvuto, inapakwa, inafukizwa, nyingine ni ya kumharibia mwenzake. Hilo kila mtu wa kule anajua. Sasa unaniambia asubuhi watu wamepokea mwili wa Bwana halafu mchana wanashindana nani mganga wake ana nguvu? Nuru na giza vinakaaje meza moja? Yule mama kakujibu sawasawa kabisa. Tamasha la imani liwe la imani.

#4 Babu Nungule

Mwangaluka bhanamhala na bhayanda (salamu kwenu wazee na vijana). Mimi nina miaka 71, naandikiwa na mjukuu, namwambia anaandika, akikosea mnisamehe.

Huyu mlokole hajasema uongo. Habari ya Wagika na Wagalu ilianza na waganga wawili, mmoja Ngika mwingine Gumha, kila mmoja anasema dawa yake inamshinda mwenzake, wakaona wasiuane, washindane kwa ngoma, atakayevuta watu ndiye. Wafuasi wa Ngika ndio Bagika, wa Gumha ndio Bagalu. Hiyo ni karne ya kumi na tisa huko. Na dawa yenyewe ina jina, inaitwa samba. Tusifiche.

Lakini mjukuu aandike na hili. Mimi nilicheza. Nilikuwa Mgalu kama baba yangu. Samba nilipakwa nikiwa kijana, na nakuambia siku tulizoshinda tulikuwa tumefanya mazoezi miezi miwili usiku kwa mbalamwezi, na siku tulizoshindwa tulikuwa tumelewa. Dawa ilikuwepo siku zote mbili. Ningi wetu (ndiye mtunzi na kiongozi wa nyimbo) ndiye alikuwa dawa, alikuwa akifungua mdomo kuku wanaacha kudonoa. Huyo ningi baadaye alikuwa mwalimu wa dini, na kipaji chake kiliingia naye kanisani, kingebaki wapi?

Wabeja (asanteni).

#5 Mtoto wa Kisesa

Babu nungule shikamoo. Umenifanya nicheke peke yangu ofisini hapo kwenye kuku.

Mlokole Mtulivu, sawa, nakubali niliruka, na niliruka kwa sababu najua mtu akisikia neno dawa hasikii tena kingine chochote. Bibi yangu alikuwa Mgalu na rozari yake ilikuwa imechakaa mpaka misalaba haionekani. Niliwahi kumuuliza hivi bibi hizo dawa za ngoma ni kweli? Akanijibu kwa swali, "Na wewe ukienda kufanya mtihani unavaa ile soksi yako ya bahati kwa nini?" Nikakosa la kusema (soksi ilikuwepo kweli).

Hoja yangu ni hii na naomba muishike hapo hapo. Yule padre alikuta watu wana kitu wanakipenda kuliko vyote, wanakigombania, wanakitungia, wanakifia. Angeweza kukipiga marufuku, na wengine sehemu nyingine walifanya hivyo, ngoma zikaenda kuchezwa porini usiku na dawa zikazidi. Yeye akaweka sikukuu ya Ekaristi katikati ya msimu wa mashindano, mchana kweupe, mbele ya kanisa. Mchana kweupe mtu anashindana kwa ufundi maana kila mtu anamuona. Sisemi samba ilikufa siku hiyo. Nasema ilipata mpinzani.

#6 Besi ya Pili

Mimi Mlutheri wa KKKT damu, mnisamehe kuingilia mambo ya Roma 😂

Ila nacheka mnavyosema mashindano ni ya kipagani. Wenzenu sisi mashindano ya kwaya ndo dini yenyewe. Kuna wimbo wa lazima na wimbo wa kuchagua, kuna majaji na kalamu nyekundu, kuna kwaya imeshona sare mpya kwa mkopo wa kikoba, na matokeo yakitangazwa kuna mtu anahama usharika. Nimeona kwa macho yangu mwalimu wa kwaya amekataa kupeana amani na mwalimu mwenzake madhabahuni kwa sababu ya alama mbili za matamshi. Sasa waambie hao ndo hawana samba.

Halafu kuhusu nyimbo za asili. Wimbo wa Pasaka tunaoimba wote, Mfurahini Haleluya, uliandikwa 1966 na Bernard Kyamanywa akiwa mwanafunzi wa theolojia pale Makumira, kwenye lahani ya Kihaya. Leo Walutheri wa Marekani na Ulaya wanao kwenye vitabu vyao vya nyimbo. Pale Makumira kipindi hicho kulikuwa na mmisionari Mmarekani, Howard Olson, alikuwa anakusanya lahani za makabila na kuziwekea maneno ya kikanisa. Kwa hiyo wazungu wanaimba Kihaya chetu Pasaka, na sisi huku usharikani tunanunua kinanda chenye midundo 300 tunabonyeza namba 47 (bolingo ya haraka) kila wimbo mpaka wa mazishi. Mimi hiyo namba 47 siku moja nitaingoa kwa bisibisi.

#7 Kijana wa Maragua

Niaje wadau, nasoma kutoka Kenya. Hii story imenigusa coz kwetu Murang'a tuko na kitu kama hicho lakini ya ukutani.

Kuna kanisa ya Anglican hapo Murang'a town, St. James, ndani kuna michoro tano kubwa za maisha ya Yesu, kuzaliwa, kubatizwa, karamu ya mwisho, Gethsemane na msalaba. Zilichorwa miaka ya hamsini na Elimo Njau, na huyo ni mtu wenu TZ, Mchagga wa Marangu, alisomea Makerere. Yesu amezaliwa huku kwetu, kwa matuta yetu, watu ni weusi, nyumba ni ya nyasi. Ukiwa mtoto unaangalia unasema ai huyo mama anafanana na auntie wangu.

Sasa mjue kanisa lenyewe lilijengwa kukumbuka Wakikuyu Wakristo waliouawa wakati wa Mau Mau. Babu yangu mimi alikuwa upande wa msitu, kwa Mau Mau. Kwa hivyo hapo nyumbani hiyo kanisa haikuwa story rahisi, shosho (bibi) alikuwa anaenda ibada, guka (babu) anabaki nje kwa gari ya mtu anangoja. Siku moja akaingia, mvua ilikuwa mob. Akaangalia ile ya msalaba muda mrefu sana. Akatoka akasema tu "hii ilichorwa na mtu anatujua." Basi. Hakuwahi kuingia tena lakini pia hakuwahi kuisema vibaya tena.

Njau baadaye alianzisha Paa ya Paa, kituo cha sanaa hapa Nairobi, 1965. Alikuwa anapenda kusema kunakili ni kumlaza Mungu usingizi. Mwambie huyo mama wa kamati.

#8 Mlokole Mtulivu

Kijana wa Maragua hiyo ya guka imenipata, sitaki kudanganya.

Lakini picha ukutani haifukizwi dawa. Narudi kwa mleta uzi na babu. Tuseme nimekubali kwamba ngoma ni ufundi na dawa ni kitu kingine kilichopandikizwa juu yake. Nani anaamua kwamba sasa imetoka? Mchezaji mwenyewe? Paroko? Yule kijana wa bugobogobo wa hapo Dar umemuuliza kiunoni amefunga nini? Siulizi kwa ubishi, nauliza kwa sababu mimi nimetoka kwenye nyumba ya mganga, baba yangu mzazi, na kuna vitu vikipigwa tu ngozi ya mgongo inanisimama. Ninyi mnaona utamaduni, mimi naona sebule ya nyumbani kwetu.

#9 Sakristani Mstaafu

Mlokole, hilo swali ni zito na limetoka mahali pa haki. Sina jibu lake kamili. Nitajibu kipande ninachokijua.

Kwanza tutenganishe. LITURUJIA ni kitu kimoja, TAMASHA ni kingine. Kinachoingia kwenye misa kinapitia kwa askofu, huwezi kuamka na kamati yako ukaleta majembe kwenye sala ya Ekaristi. Hata Bujora msimuelewe vibaya mleta uzi, misa ni misa na uwanja ni uwanja, chatu hapokei komunyo. Nyie mnachofanya ni tamasha la uwanjani, hapo paroko wenu anatosha.

Pili, kwa wale wanaosema Kanisa lilikataza. Mtaguso wa Vatikano wa Pili ulitoa hati ya liturujia tarehe 4 Desemba 1963. Namba 119 inasema wazi kwamba kwenye nchi za misioni kuna watu wenye mapokeo yao ya muziki yenye uzito mkubwa katika dini na maisha yao, na mapokeo hayo yapewe heshima na nafasi. Namba 123 inasema Kanisa halijawahi kushika mtindo mmoja wa sanaa likasema huu ndio wangu. Na mwaka huohuo wa 1963 padre wetu Mtanzania, Stephen Mbunga, alikuwa ametoa kitabu kizima kuhusu sheria za Kanisa na muziki wa Kibantu. Kwa hiyo haya mambo hayakuletwa na vijana wa TikTok.

Sasa yule mama. Msimbishie kwa hati. Mama wa umri huo alibatizwa na watu waliomwambia ngoma ni shetani, tena pengine alichapwa kwa kucheza. Amelipa gharama ya kuacha. Leo mnamwambia haikuwa lazima? Ningekuwa mimi ningekataa pia.

#10 Mutu ya Kamina

Jambo ba ndugu. Mimi ni mutu ya Katanga, Congo, Kiswahili yetu munaijua, musitucheke.

Kwetu Kamina ndiko Missa Luba, misa ya sauti ya Baluba, ilianzia. Ilikuwa 1958, padri Mubeleji Guido Haazen, na batoto ya masomo pamoya na balimu yabo. Banaimba misa ya Kilatini lakini sauti ni ya Baluba, ngoma iko, kengele iko. Mwaka ule ule banaenda nayo mupaka Ulaya, bazungu banashangaa. Nyimbo mingi hapana kuandikwa kwa karatasi mwanzoni, batoto balikuwa banatunga palepale bakiimba.

Na kisha Roma ikakubali misa ya Zaire kwa 1988. Kwetu leo padri anacheza kuzunguka altare, watu banacheza, na bankambo (mababu) banaitwa majina pale mwanzo pamoya na batakatifu. Hakuna mutu anasema ni upagani. Lakini kaka sakristani iko na haki, ile ilikuwa miaka mingi ya kubishana, haikuwa ya kamati moya ya jioni moya.

#11 Shanga Nyekundu

Nimesoma kurasa zote, wanaume mmeongea. Ngoja na mimi.

Mleta uzi, ulivyosema ratiba ulitaja kwaya, mavazi, keki, ukalalamika seremala hana meza. Sawa. Je fundi wa kitambaa cha altare? Mimi nimedarizi vitambaa vya altare parokia fulani (haipo Dar) miaka tisa. Kipindi cha Kwaresima zambarau, Pasaka nyeupe, Pentekoste nyekundu. Kile cha Pentekoste niliweka ndimi za moto kwa uzi wa rangi nne, niliufumua mara mbili kwa sababu moto ulikuwa unafanana na majani ya mgomba. Nilikuwa nadarizi usiku mtoto amelala miguuni, naomba nikidarizi, ndo rozari yangu ilikuwa hiyo.

Walipofanya siku ya vipaji pale parokiani, wachoraji wakaitwa wasanii, mtunzi wa wimbo akapewa cheti, mimi nikaambiwa "mama tusaidie MAPAMBO ya jukwaa". Nikapamba. Nilipamba vizuri tu. Lakini toka siku hiyo nikaacha kudarizi, na sasa wananunua vya kuchapishwa kwa mashine vina picha ya kikombe ambacho hakijakaa katikati.

Kwa hiyo kabla hamjapigania chatu, angalieni sakristia yenu mnalalia nini. Na huyo mama aliyekukatalia, umewahi kumuuliza yeye anatengeneza nini kwa mikono yake?

#12 Mtoto wa Kisesa

Shanga Nyekundu umenipiga penyewe. Sijawahi kumuuliza. Namjua kama mwenyekiti wa WAWATA mstaafu na mtu wa kukataa.

Nitarudi na mrejesho.

#13 Chumvi Kidogo

Tunasubiri. Swali la chatu halijajibiwa.

#14 Besi ya Pili

Up. Wiki ya pili hii.

#15 Mtoto wa Kisesa

MREJESHO, wakuu. Nilikuwa sina nguvu ya kuandika.

Nilikwenda kwa yule mama Jumamosi moja na sukari kilo mbili. Sikuongelea tamasha. Nikauliza tu mama unapenda kufanya nini mchana. Akaniingiza chumbani akafungua sanduku. Ungo na vikapu, wakuu, ya majani yaliyotiwa rangi, mistari imeshonana mpaka huoni mshono, mengine ana miaka nayo thelathini. Ni mtu wa Kagera, alifundishwa na mama yake. Kuna kikapu kina mduara wa misalaba ukiuzungusha unaona ni watu wameshikana mikono. Nikamuuliza hiki ulikitengeneza lini, akasema mwaka aliofiwa na mume. Nikauliza umewahi kukileta kanisani, akasema kimeenda na matoleo mara moja, kikarudi na ndizi hazimo 😂

Tukakaa. Ndo mwenyewe akaanza, kwamba akiwa na miaka kumi na mbili alikutwa anacheza kwenye harusi ya shangazi, akasimamishwa mbele ya darasa la mafundisho, komunyo ya kwanza ikasogezwa mwaka mzima. Sakristani Mstaafu ulijuaje? Alisema taratibu, hajakasirika, kama mtu anasimulia habari ya mvua.

Sikumuomba chochote. Kikao kilichofuata akasema kijana wa Kisesa apewe dakika kumi na tano, ila wachezaji wapitie kwa paroko kwanza, na wasivae kitu kiunoni ambacho hakijulikani ni nini. Mlokole Mtulivu hiyo ilikuwa hoja yako neno kwa neno, na nilimwambia paroko imetoka kwa ndugu mmoja mlokole, akasema mwambie aje.

Siku yenyewe. Saa tano umeme ukakatika kwaya ya pili ikiwa katikati ya beti, jenereta likawashwa likakohoa likazima, na namba 47 ya Besi ya Pili ikafa nalo. Watu wakaanza kutawanyika kwenda kwenye vivuli. MC wa kulipwa hana maiki kawa mtu wa kawaida tu. Ndo mzee wetu mlinzi wa shule, Msukuma wa Maswa, hakuwa hata kwenye kundi letu, akachukua ngoma akapiga peke yake. Vijana wangu nane wakaingia na majembe. Wawili kati yao si Wasukuma, mmoja ni Mpare, walijifunza kwa video na kwa matusi ya mzee. Wakalima hewa, wakazungusha, wakarusha. Jembe moja likadondoka likakata kamba ya turubai. Na nikaona kile kitu nilichokiona utotoni, umati ulikuwa umetawanyika uwanja mzima, ukasimama, ukaanza kuja. Kwanza watoto, halafu wauza karanga, halafu kwaya yenyewe na sare zao. Mpaka waumini wa kanisa la jirani wakasimama ukutani wanachungulia.

Wimbo ulikuwa wa kulima wa zamani, maneno tuliyabadilisha yakawa ya ngano kuwa mkate na mkate kuwa Mwili. Dakika kumi na tano zikawa arobaini.

Mama alikaa mezani kwake na vikapu vyake, seremala pembeni yake. Hakucheza, msitegemee. Lakini nilimuona mguu.

Chumvi Kidogo, chatu hakuwepo, kulikuwa na watoto wa Utoto Mtakatifu na maua tu. Nimewaambia watembee kinyumenyume, watatu wakaanguka.

#16 Mlokole Mtulivu

Nilikuja. Nilisimama ukutani na hao wa kanisa la jirani. Ile ngoma ya kwanza ya mzee mgongo ulisimama kama kawaida, nikataka kuondoka. Nikabaki. Sina zaidi ya hapo la kuandika leo.

#17 Shanga Nyekundu

Hicho kikapu cha misalaba anauza?

#18 Mtoto wa Kisesa

Hauzi, nilishauliza. Anasema anaweza kukufundisha, njoo na majani yako.

Na kama kuna kijana wa parokia yetu anasoma hapa: majembe yalikuwa nane, ya kukopa dukani, nimerudisha matano. Mwenye duka ananipigia kila asubuhi.